Wawili Kati ya Kumi na Tisa

Mbegani, Bagamoyo
20 Januari 2024

Kaka Jignesh,

Habari za huko na habari za baridi? Ni mimi Adila, binti wa Mzee Bwanausi wa Zinga, yule aliyekuwa akifanyia kazi zake za shule juu ya mapipa ya rangi dukani kwenu huku akimsubiri baba amalize kuchagua misumari. Anwani yako nimepewa na mama yako. Kasema, "Mwandikie barua ndefu, usimtumie vile vimeseji. Jignesh ni mtu wa kazi, atasoma akipata nafasi." Basi naandika ndefu.

Mimi nafundisha usindikaji wa samaki hapa chuo cha uvuvi, mwaka wa tano huu. Mwaka juzi walikuja washauri elekezi watatu kutoka Ulaya, wametumwa na wafadhili kutazama biashara ya dagaa na pweza wa pwani hii. Walikaa siku kumi na moja. Niliwazungusha kila mahali, nikawafasiria, nikawaeleza kwa nini wanawake wa hapa wanaanika kwenye chanja na si mchangani, na kwa nini mnunuzi wa Dar anafika alfajiri na hangoji jua lipande. Baada ya miezi minne ripoti ikaja. Ukurasa wa ishirini na mbili hadi wa thelathini na tano ni maneno yangu, kaka. Hata mifano ni yangu. Jina langu liko mwisho kabisa, kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, nalo wamelikosea.

Sikukasirika kama unavyodhani. Nilijiuliza tu: hawa wanajua nini ambacho mimi sikijui? Nikaona wanajua kuuliza kwa mpangilio, kupima, na kuandika kwa namna ambayo mwenye fedha atasikiliza. Hayo yanafundishwa. Nikaanza kusomea mtihani wa kuingilia vyuo vya biashara, nikaomba vyuo sita. Viwili vimenikubali: Aldermoor, chuo chako, na kimoja cha Uholanzi. Vyote vinatoa ufadhili nusu. Kwa nusu ya pili baba anataka kuuza ekari mbili za mananasi, zile za upande wa barabarani. Vyote vinataka jibu kabla ya tarehe 30 Aprili.

Ungekuwa mimi ungechagua kipi? Nataka nifanye kazi hiyo ya ushauri elekezi hukohuko kwanza, miaka mitatu au minne, kisha ndiyo nirudi. Niambie kama unavyomwambia mdogo wako.

Mama hajambo. Anangoja simu yako ya Jumapili.

Wako,
Adila Bwanausi


Birmingham
24 Januari 2024

Mdogo wangu Adila,

Hongera sana! Barua yako nimeisoma nikiwa uwanja wa ndege, safari ya kikazi, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kwa ufupi.

Chagua Aldermoor, wala usijiulize mara mbili. Jina la chuo ndilo linalofungua mlango. Ukisema Aldermoor kwenye usaili, watu wanakaa sawa. Asilimia thelathini na moja ya wahitimu wa darasa letu waliingia kampuni za ushauri elekezi ndani ya miezi sita. Thelathini na moja! Walimu wetu wengine waliwahi kuwa wakuu wa kampuni hizohizo. Halafu kuna mtandao wa wahitimu dunia nzima, utakusaidia maisha yako yote.

Uholanzi ni nchi nzuri lakini hicho chuo sikifahamu, na kama mimi sikifahamu, mwajiri naye hatakifahamu. Tena huko kuna lugha yao. Sisi huku ni Kiingereza tu.

Mzee Bwanausi nisalimie, mwambie shikamoo yake naituma kwa heshima zote. Na mama usimsumbue na haya mambo ya vyuo, atakuwa na wasiwasi bure.

Kaka yako,
Jignesh


Zinga
11 Februari 2024

Kaka Jignesh,

Ahsante kwa majibu. Leo niko nyumbani Zinga. Barua yako nimemsomea baba, akaitikia marahaba kwa sauti kana kwamba umesimama mlangoni. Kisha akauliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu.

"Huyo kijana wa marehemu Praful," kasema, "akiamka asubuhi anafanya nini mpaka jioni?"

Nikamwambia anashauri makampuni.

"Nimesikia. Mimi nikiamka nashika jembe, napalilia tuta hili, naliacha lile. Yeye anashika nini?"

Nikasema nitakuuliza. Tafadhali nieleze siku yako moja, hata ya jana, toka asubuhi mpaka unaporudi. Baba si mbishi. Ameshapata mtu wa kununua ekari zile, ni jirani yetu wa karibu, lakini anataka auze akijua anauza kwa ajili ya nini. Pia kama kuna wahitimu wawili watatu wa kwenu ninaoweza kuzungumza nao, nipe majina.

Jambo jingine ni habari njema, huenda umeshazisikia. Mama yako amepata mtu wa kuchukua duka, Bwana Abdulazizi wa Dar. Anachukua jengo, mali na kila kitu. Nilipita juzi kununua bawaba nikamkuta mama anacheka peke yake. Kaniambia, "Miaka thelathini na minane napima kamba na misumari. Sasa Jignesh amekaa vizuri, atanichukua nikapumzike." Nimefurahi kwa ajili yenu wote wawili. Kusema kweli mgongo wake hauko kama zamani.

Wasalaam,
Adila


Birmingham
2 Machi 2024

Adila,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi.

Siku ya mshauri ni ndefu. Asubuhi kuna kikao cha timu, mchana kikao na mteja, jioni mnatayarisha kazi ya kesho. Unachambua takwimu, unatengeneza mapendekezo. Kila siku ina mambo yake, ndiyo raha ya kazi yenyewe. Mwambie mzee hivyo.

Kuhusu wahitimu wengine, wengi wametawanyika na wana shughuli nyingi. Mimi nakutosha.

Kuhusu duka, mwambie mama asifanye haraka. Nyumba za huku ni finyu, na baridi hii si ya mtu wa umri wake. Lakini usimwambie nimesema mimi. Sema ni mawazo yako.

Jignesh


Mbegani
20 Machi 2024

Kaka Jignesh,

Siwezi kumwambia mama yako kwamba ni mawazo yangu. Atacheka, kisha ataniuliza mimi baridi ya Uingereza nimeijulia wapi.

Baba nilimsomea ile siku yako ya vikao. Kasema, "Hiyo ni siku aliyosimuliwa, si aliyoishi."

Kwa kuwa hukunipa majina, niliomba chuoni kwenyewe, wakaniunganisha na wahitimu waliokubali kuzungumza na waombaji. Mmoja ni Mehzabin, dada wa Tanga, uliyesoma naye darasa moja. Tulizungumza Jumapili kwa simu zaidi ya saa nzima, mpaka adhana ya magharibi ikapita na mimi sijafuturu. Sasa yuko kwenye ofisi ya hospitali, anapanga zamu za wauguzi, na anasema anaipenda kazi yake. Kwenye ushauri elekezi hakuwahi kuingia. Aliomba mahali arobaini na moja.

Kakusalimia sana. Kaniambia pia jambo linalokuhusu wewe, bila kujua kwamba sisi nyumbani hatulijui. Sitaliandika hapa. Nangoja uniambie mwenyewe.

Zimebaki siku arobaini nijibu vyuo. Za mama yako ni chache zaidi.

Adila


Bagamoyo
30 Machi 2024

Jignesh mwanangu,

Simu yako ya Jumapili imekatika tena nilipotaja duka. Mtandao wenu huko ni mbovu kuliko wa hapa. Kwa hiyo naandika kwa mkono, na Adila ataipiga picha akutumie. Si kosa langu kwamba hukujifunza kuandika Kigujarati. Kiswahili kinatutosha.

Mambo ni haya. Abdulazizi ni mtu mstaarabu. Kwa sababu ya mfungo amesema tuweke sahihi baada ya Idi, Jumatatu tarehe 15 Aprili, mbele ya wakili. Nimekubali. Pazi nimeshamwambia atafute kazi kwingine. Miaka ishirini na miwili yuko nasi, toka baba yako yuko hai, nikaona si vizuri ajue siku ya mwisho. Alisema tu, "Sawa mama," akaendelea kukata kamba. Amepata kwenye kiwanda cha mbao, anaanza Mei.

Nimenunua masweta mawili ya mtumba, mazito, moja la kijani. Chumba changu kiwe karibu na choo kwa sababu ya magoti. Sihitaji kikubwa. Jikoni nitaingia mimi, wewe nenda kazini kwako.

Nataka uniambie viza nianzie wapi. Kila nikikuuliza unasema tutazungumza. Basi hapa tumeshazungumza, nijibu.

Mama yako,
Meena


Birmingham
1 Aprili 2024

Adila,

Barua ya mama nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Ile yako ya kwanza nilikwambia niliisomea uwanja wa ndege. Niliisomea kituo cha basi, nikielekea kazini. Kazi yangu iko kwenye ghala la vifurushi nje ya mji. Napokea mizigo inayoshuka kwenye mkanda, nasoma anwani, naweka kwenye kizimba chake. Saa kumi kwa siku, siku nne kwa wiki. Hiyo ndiyo siku yangu toka asubuhi mpaka jioni. Mzee Bwanausi sasa anaweza kuambiwa ninachoshika.

Kwenye ushauri elekezi nilikaa miezi saba. Ilikuwa kampuni ndogo, wateja wakapungua, Septemba wakapunguza watu, nasi wa mwisho kuingia tukawa wa kwanza kutoka. Niliomba kwingine kote. Wote wanafika kwenye swali moja: je, unahitaji kampuni ikuombee kibali cha kazi? Nikijibu ndiyo, barua ya kukataa inakuja kabla sijala. Kibali nilichonacho sasa kinaisha Desemba. Nakaa chumba kimoja na watu wawili.

Nilitaka kumwambia mama Oktoba. Nikasema nipate kazi kwanza, ndipo nimwambie zote mbili kwa pamoja. Nikasema hivyo kila Jumapili.

Na ile asilimia niliyokupa. Darasa letu tulikuwa sitini na wawili. Walioingia ushauri elekezi ni kumi na tisa, ndiyo hiyo thelathini na moja. Chuo hakikusema uongo. Lakini kumi na wawili kati yao walitoka kwenye kampuni hizohizo, wametumwa kusoma, wakarudi kwenye viti vyao. Watano walikuwa raia wa huku. Tuliobaki ni wawili, mimi na jamaa mmoja wa Lagos. Mimi nimetoka. Yeye bado yumo.

Kwa hiyo usiulize ni wangapi wameingia. Vyuo vyote viwili viandikie hivi: kati ya walioingia, wangapi hawakuwa washauri kabla ya kuja kusoma, na kati ya hao wangapi walihitaji kuombewa kibali, na kitu gani walikuwa nacho mkononi ambacho wengine hawakuwa nacho. Uliponiuliza Januari, kama ningekuwa mtu mzima mwenye haya, ningekujibu hivyo palepale.

Mama bado sijui nimwambieje. Labda wewe ukimweleza taratibu.

Jignesh


Mbegani
2 Aprili 2024

Jignesh,

Hapana. Mimi sitamweleza.

Ahsante kwa ukweli kuhusu chuo. Maswali nimeshayatuma asubuhi hii kwa vyuo vyote viwili. Lakini niruhusu niseme mara moja, kisha niache. Baba alikuwa anauza ekari mbili. Nilikuuliza Januari, ukanijibu kwa maneno ya kijitabu cha matangazo. Kama Mehzabin asingepokea simu, leo shamba lingekuwa la jirani na mimi ningekuwa najiita mwanachuo wa Aldermoor. Kupoteza kazi si kosa lako. Hili ni lako.

Sasa sikiliza. Leo ni Jumanne. Mama yako anaweka sahihi Jumatatu ya kumi na tano. Akishaweka, hana duka, hana Pazi, na wewe huna chumba cha kumweka. Kama simu inakushinda, andika. Niletee hapa, nitaichapa na kumpelekea mkononi, nami nitakaa naye mpaka aimalize. Zaidi ya hapo siwezi. Maneno yawe yako na jina chini yake liwe lako.

Nakupa mpaka Ijumaa.

Adila


Birmingham
5 Aprili 2024

Mama,

Usiuze duka.

Sina kazi ya ofisi toka Septemba. Walipunguza watu, nami nikawamo. Sasa nabeba vifurushi ghalani. Nyumba niliyokuwa nakuonyesha kwenye simu ni ya rafiki. Sina pa kukuweka, na mwezi wa kumi na mbili kibali changu kinaisha, sitaruhusiwa kukaa.

Simu haikuwa ikikatika. Nilikuwa nakata mimi.

Nimekudanganya kila wiki kwa miezi saba. Nilikuwa naogopa kusikia utakavyonyamaza. Nisamehe mama, lakini kabla ya kunisamehe, mwambie Bwana Abdulazizi hapana.

Mwanao,
Jignesh


Bagamoyo
6 Aprili 2024

Kaka,

Nimempelekea leo baada ya adhuhuri, wateja wakiwa wachache. Alivaa miwani, akasoma amesimama kaunta. Akasoma tena kutoka juu. Mteja mmoja akaja anataka msumeno, akamhudumia, akampa na chenji, akarudi kwenye karatasi.

Kisha akaniuliza, "Wewe umejua lini?"

Nilitamani kusema jana. Nikasema, "Wiki tatu, mama."

"Wiki tatu unakuja hapa, unapiga picha barua yangu ya masweta."

Nilidhani ukimya wangu ulikuwa wa heshima, kwamba nakuachia wewe nafasi. Pale kaunta ulifanana na wako. Akaniambia niende nyumbani nikafuturu na baba yangu. Hakunifukuza, lakini hakuniaga pia.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sijui atafanya nini.

Adila


Bagamoyo
18 Aprili 2024

Jignesh,

Barua yako niliipata. Adila aliileta kama mlivyopanga ninyi wawili.

Jumanne kabla ya Idi nilipanda basi nikaenda Dar kwa Abdulazizi, dukani kwake. Nikamwambia sitauza. Akaniuliza kama nimepata bei nzuri zaidi. Nikamwambia la, nimepata habari za mwanangu. Hakuuliza habari gani. Akaagiza mtu aniletee maji, akasema, "Mama Meena, nilishawatoa kwenye kazi zao vijana wawili waje kukaa Bagamoyo. Lakini hatujaandikiana." Sijawahi kurudi kwenye neno langu toka nianze biashara. Sasa nimerudi, na nimeona kunavyokuwa.

Pazi nilimfuata nyumbani kwake siku ya Idi mosi, na sahani ya halua mkononi. Nikamwomba abaki. Mkewe Somoe ndiye aliyejibu. Alisema, "Mama, safari hii utupe karatasi." Nimewapa karatasi, imeandikwa mwaka mzima. Wako sahihi.

Sasa wewe. Umeandika kubeba vifurushi kana kwamba umeiba. Mimi nabeba mapipa ya rangi, lita ishirini, kila siku ya Mungu. Ulidhani nitanyamaza kwa sababu ya vifurushi? Kinachonichoma ni zile Jumapili. Nilikuwa nafunga duka mapema, nanawa uso, nakaa nikijua nazungumza na mwanangu. Nilikuwa nazungumza na nani?

Usinipigie Jumapili hii, wala inayofuata. Nitakapokuwa tayari nitapiga mimi, na wewe utapokea hata ukiwa ghalani.

Masweta nitakutumia. Mimi siyahitaji.

Meena


Mbegani
28 Aprili 2024

Kaka Jignesh,

Nimechagua. Nakwambia nilivyofika hapo, maana sehemu ni kazi yako.

Aldermoor walijibu baada ya siku tisa. Barua nzuri, ndefu, yenye picha za jengo jipya. Ile thelathini na moja imo. Maswali yangu hayamo. Nikaandika tena, wakajibu kwamba takwimu za namna hiyo hawazitoi, kisha wakanialika kwenye kikao cha mtandaoni.

Uholanzi alinijibu mama mmoja wa ofisi ya ajira, mistari minane tu. Darasa la mwaka jana walikuwa arobaini na wanne. Tisa wakaingia ushauri elekezi. Kati ya tisa, wanne hawakuwahi kuwa washauri na walihitaji kibali. Wanne hao, kasema, mmoja alikuwa mhandisi wa maji, mmoja wa usindikaji wa maziwa, wawili wa umeme. "Waliajiriwa kwa walichokijua kabla ya kuja hapa," kaandika. "Mtu asiye na fani simshauri aje kwa lengo hilo. Wewe una samaki. Si ahadi, ila si bure." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma vijitabu vyote.

Baba nilimpa nafasi nne katika arobaini na nne, bila kupamba. Akasema mananasi nayo si kila tuta linazaa. Kisha akakataa kuuza ekari zote mbili. Anauza moja. Ada iliyobaki naijazia kwa akiba yangu, na chuo hapa kimenipa likizo ya masomo isiyo na mshahara, kwa hiyo nikishindwa nina pa kurudi. Nimeona hiyo ni haki. Zamani nilidhani anayejiwekea pa kurudi hajaamua.

Kwa mama yako nilipita jana. Ameniuzia kufuli. Ameniuliza naondoka lini. Tumeanzia hapo.

Adila


Bagamoyo
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Adila,

Nimefika nyumbani siku kumi na mbili zilizopita. Sikungoja Desemba. Nilipokata tiketi nilimwandikia mama siku na saa ya ndege tu. Sikutegemea mtu, lakini Pazi alikuja kunipokea. Njiani hakuniuliza kitu chochote cha Ulaya. Alinieleza bei ya saruji.

Mama hajanisamehe, ila ananipikia. Wiki ya kwanza asubuhi nilifungua duka mimi, yeye akaja saa tatu. Jumapili ya kwanza tulikaa wote wawili sebuleni, saa ileile ya simu. Mwisho akaniuliza, "Hao watu uliokuwa unakaa nao chumba kimoja, majina yao nani?" Nikamtajia. Akauliza mmoja baada ya mwingine anatoka wapi, anafanya nini, mama yake yu hai au la. Tulimaliza jioni yote kwa hilo.

Kuna kampuni Dar imenipa mkataba wa miezi sita, nimeanza wiki hii. Wanashauri viwanda vidogo. Mshahara ni wa kawaida na kiti changu kinalia, lakini nilipomweleza mama siku yangu ilivyo niliweza kuanzia asubuhi.

Wewe huko vipi? Usaili unaanza lini? Tufanye mazoezi kwa simu, Jumatano na Ijumaa. Nitakuwa mkali. Kosa langu kubwa miaka ile lilikuwa kuonyesha najua wakati sijui, na wale watu wanalinusa upesi.

Salamu kutoka kwa mama. Anauliza kama sweta la kijani limekutosha. Mimi nilikuwa sijui hata kama alikupa wewe.

Jignesh


Uholanzi
14 Novemba 2024

Kaka Jignesh,

Wamenikataa.

Ni ile kampuni ya kwanza, ya Jumanne. Wamenipigia leo saa nne asubuhi. Walinipa tatizo la kiwanda cha samaki, unaweza kuamini? Kiwanda kinapata hasara, nitafute kwa nini. Nilipoona samaki nikafurahi, nikasema moja kwa moja kwamba tatizo liko kwenye barafu, kati ya mashua na mlango wa kiwanda, maana ndipo linapokuwa siku zote. Na nilikuwa sahihi, wamekiri. Lakini walitaka kuniona nikifika hapo hatua kwa hatua, kwa namba, na mimi niliruka kwa sababu njia naijua kwa miguu. Yule dada aliyenipigia kasema, "Ulijibu kama mwenyeji. Tunahitaji utufundishe njia." Nimeandika maneno hayo yalivyo ili tuyafanyie kazi kesho.

Nimelia kidogo chooni, kisha nikaingia darasani. Pamebaki mahali patano. Wanaofuata ni Alhamisi ijayo. Huenda wote wakakataa. Nikikataliwa kote nitarudi Mbegani Septemba, na ekari moja itakuwa imekwenda, na itabidi niishi na hasara hiyo.

Kesho usinihurumie. Nipe tatizo ambalo silijui kabisa, la benki au la hospitali.

Baba nimeshampigia. Alikuwa shambani, upepo mwingi kwenye simu. Nilimwambia, "Baba, wamenikataa." Akauliza wamesema kwa nini, nikamweleza lote, hata la barafu. Nikasikia jembe likiwekwa chini. Akasema, "Haya. Umekula?"

Nikasema bado.

"Basi kula kwanza, halafu umwandikie yule kijana wa Praful."

Nimekula. Wewe ni wa pili kujua.

Adila